Mwalimu, Mbona Siku Hizi Unaandika Chini?

Jumatatu iliyopita niliandika tarehe juu kabisa ya ubao, na wanafunzi wangu wa darasa la tano hapa Ujiji hawakuelewa kwa nini nilisimama kuitazama. Kwa miezi 19 mkono wangu haukufika pale. Usiku wa siku hiyohiyo nikakuta ujumbe wa msomaji wa Kasulu, mama wa miaka 50, anayesema kwamba bega la kulia linamnyima usingizi na kwamba ndugu zake wanamshauri aufunge mkono shingoni kwa kitenge, aupumzishe mpaka upone. Dada yangu, ninakuandikia wewe, na wengine wasome.

Mimi nami nilianza hivyo. Maumivu yalikuja kidogo kidogo bila kuanguka wala kugongwa, nikayalaumu madumu ya mawese niliyomsaidia mume wangu kupakia. Baada ya wiki chache sikuweza kulalia upande wa kulia, kisha kufunga sidiria kukawa kazi ya binti yangu, na ubaoni maandishi yangu yakaanza kushuka, wiki hadi wiki, mpaka mtoto wa dawati la mbele akauliza, "Mwalimu, mbona siku hizi unaandika chini?" Nilimkemea. Ninajuta, kwa sababu mtoto yule aliuona ugonjwa wangu kabla ya tabibu.

Tabibu niliyemwendea kwanza hakuligusa bega langu hata kwa kidole. Alisema ni uchovu na umri, akaniandikia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, na kila niliporudi akaniandikia diklofenaki tena, hadi tumbo likaanza kuwaka. Nimefundisha sayansi kwa miaka 24, nawafundisha watoto kuuliza "kwa nini", lakini mbele ya koti jeupe sikuuliza. Baadaye nikapelekwa kwa mtu anayenyoosha viungo, naye akaupaka mkono mafuta na kuuvuta kwa nguvu zake zote. Juma lililofuata sikuweza hata kuchana nywele. Habari za kurogwa nilizoletewa na shangazi nitaziruka.

Aliyenifungua macho ni mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Aliniambia nibane kiwiko ubavuni, niulegeze mkono, kisha yeye mwenyewe akajaribu kuuzungusha kwenda nje. Ukagoma mikononi mwake kama ulivyogoma mikononi mwangu. Akanieleza kwamba kano ya bega ikichanika, mara nyingi mgonjwa hushindwa kuinua mkono mwenyewe lakini mtu mwingine huweza kumwinulia. Mkono unaomgomea kila mtu mara nyingi huwa na tatizo katika mfuko unaokizunguka kiungo, ambao huvimba, ukawa mnene na kukaza. Wenyewe huliita bega lililoganda. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko watu wengine wote.

Kwa sababu hiyo alinituma maabara, nikiwa sijala, na sukari yangu ikasoma milimoli 11.4 kwa lita. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7 na kurudiwa kikafika tena, hicho ni kisukari. Miezi yote ile ya sindano na vidonge, hakuna aliyenitoboa kidole. Hilo sijalisamehe.

Tiba yenyewe haikuwa na maajabu. Nilianza dawa za sukari, nikachomwa sindano moja ya steroidi ndani ya kiungo, ambayo hupunguza maumivu lakini hupandisha sukari kwa siku kadhaa, hivyo wenye kisukari wapime mara kwa mara. Yaliyobaki yalikuwa mazoezi: kuinama juu ya meza na kuuacha mkono uning'inie ukibembea, kisha kutambaza vidole ukutani kwenda juu hadi pale maumivu yanapoanza kukaza, bila kulazimisha. Kabla ya mazoezi nililikanda bega kwa kitambaa cha maji ya moto. Kila Jumapili nilitia alama ya chaki ukutani sebuleni, mume wangu akalalamikia rangi yake, nami nikaendelea.

Walimu wenzangu, mafundi cherehani, wasusi, acheni kuyazoea maumivu na kuyaita ya kazi. Si kila bega linalouma limeganda: ganzi inayoshuka hadi vidoleni mara nyingi hutoka kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, na bega lililobadilika umbo baada ya kuanguka lipelekwe hospitali kabla mtu yeyote hajalivuta. Maumivu ya mkono, hasa wa kushoto, yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho na pumzi kukata yaweza kuwa moyo. Hayo hayasubiri kukandwa, hata kama ni saa nane za usiku.

Nawe mama wa Kasulu, kuufunga mkono ndiko kunakozidi kuukaza. Siwezi kulipima bega lako kwa ujumbe, kwa hiyo mtafute mtaalamu alishike na kulizungusha. Kabla ya hapo, kesho asubuhi, usinywe chai. Nenda ukapime sukari, na hicho kitenge kifunge kiunoni.