Shati la Shule: Pamba Tupu au Mchanganyiko?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza na hushona sare za shule. Muuzaji wangu ana majora mawili meupe: moja pamba tupu, jingine poliesta asilimia 65 na pamba 35. Wazazi wengine husifu mchanganyiko kwamba unadumu, wengine hulalamika kwamba unatia joto na kuota vivimbe vya nyuzi kwenye kola. Je, kitambaa chenye poliesta kidogo tu hakitanipa mema ya pande zote mbili?

JIBU: Ndugu fundi, wazazi hao wote wanasema kweli. Katika hewa yenye unyevu wa kadiri, pamba hubeba maji yanayokaribia asilimia 8 ya uzito wake, ilhali poliesta hubeba chini ya nusu asilimia. Ndiyo maana shati la mchanganyiko hukauka upesi, halijikunji sana wala halirudi sana, yaani halipungui sana ukubwa, likifuliwa, lakini mvaaji akitoka jasho hubaki nalo mwilini.

Kuhusu poliesta kidogo, jibu huwashangaza wengi, kwa sababu tabia za kitambaa hazipandi hatua kwa hatua kadiri unavyoongeza nyuzi za kiwandani. Unyuzi wa pamba huvutika kidogo tu kabla ya kukatika, ilhali wa poliesta aina ya kawaida huvutika zaidi ya mara mbili ya hapo. Uzi uliosokotwa kwa nyuzi hizo mbili unapovutwa, pamba hufika kikomo chake wakati poliesta bado haijabeba sehemu kubwa ya mzigo. Pamba ikikatika, nyuzi chache za poliesta zilizobaki haziwezi kuustahimili peke yake. Kwa hiyo uzi wenye poliesta kidogo waweza kuwa dhaifu kuliko wa pamba tupu, na nguvu unayoitafuta huonekana vizuri pale poliesta inapofikia nusu au zaidi.

Nguvu hiyo hiyo ndiyo chanzo cha vivimbe. Kola inaposuguliwa na shingo, ncha za nyuzi huchomoza na kujiviringisha. Za pamba hukatika zikadondoka, bali za poliesta hung'ang'ania. Nyuzi fupi na msokoto legevu huzidisha tatizo, hivyo majora mawili yenye asilimia zilezile huweza kutofautiana sana, jambo ambalo lebo haisemi. Kabla ya kununua, sugua pembe ya kitambaa kwa nguvu juu ya kitambaa chenyewe, kisha ukitazame kwenye mwanga.

Kwa mtoto mwenye mashati mawili tu, yanayofuliwa jioni na kuvaliwa asubuhi, mimi ningeshona la mchanganyiko, mradi kitambaa kiwe chepesi na ufumaji wake usibane mno, kwani hewa hupita kati ya mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana. Waambie wazazi wasilipige pasi ya moto wa pamba. Kwa aproni za jikoni, hata hivyo, ningeuepuka mchanganyiko: ukishika moto, poliesta huyeyuka, na pamba inayoungua huishikilia isidondoke.

Mzazi akisisitiza pamba tupu, loweka kitambaa na kukikausha kabla ya kukata, na kazi hiyo uihesabu katika bei, maana shati likirudi baada ya kufuliwa, atakayelaumiwa ni fundi.