Ruzuku za wafadhili kwa kampuni changa: majibu kwa maswali yenu

Maswali ya safari hii yanahusu fedha za misaada ya nje zinazoingizwa kwenye biashara zinazoanza. Mengine tumeyafupisha.

Fedha za walipa kodi wa Ulaya zinapewaje kampuni inayotafuta faida? Si bora zingejenga zahanati? (Msomaji, Morogoro)

Kuna gharama ambayo benki haiikopeshei na mteja hailipii: kujaribu kitu ambacho hakuna ajuaye kama kitafanya kazi. Mfano tunaoutumia kila siku ni M-Pesa. DFID, iliyokuwa idara ya misaada ya Uingereza, ilikuwa na mfuko wa kushindaniwa wa kupanua huduma za fedha. Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza iliyokuwa na hisa Safaricom, ilipata humo karibu pauni milioni 1, kwa sharti la kuchangia na yenyewe. Majaribio yakaanza Kenya Oktoba 2005, Safaricom ikishirikiana na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, ili wakopaji walipe marejesho kwa simu. Waliojaribu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na hilo ndilo lililobeba huduma ilipozinduliwa Machi 2007.

Vodafone haikuwa kampuni changa, ni kweli. Ila mgawanyo wa kazi ndio huo huo: ruzuku ililipia jaribio, watumiaji wakalipia ukuaji. Andiko linaloomba fedha za kujibu swali moja gumu lina nguvu. Linaloomba kodi ya pango na mishahara ya mwaka mzima tunalishauri lirudi mezani.

Tumeshinda ruzuku ya dola 96,000 ya mwaka mmoja, nasi tuchangie dola 48,000. Mhasibu anasema inaweza kutufilisi. Anatutisha tu? (Msomaji, Arusha)

Hawatishi. Msikilizeni, na pigeni hesabu pamoja naye.

Tuseme fedha zinakuja kwa awamu nne za dola 24,000, nanyi mnatumia dola 8,000 za mfadhili kila mwezi. Mwisho wa mwezi wa tatu awamu ya kwanza imekwisha. Ripoti inachukua wiki mbili kuandikwa, kisha mfadhili anaikagua, anauliza maswali, anaomba viambatisho. Wiki sita si ajabu. Awamu ya pili inaingia mwisho wa mwezi wa tano. Miezi miwili hiyo mradi unataka dola 16,000 ambazo hamna, pamoja na mchango wenu wa dola 4,000 kwa mwezi. Jumla ni dola 24,000, na mwanya huo unajirudia baada ya kila awamu. Mikataba mingi pia huzuia kiasi cha mwisho, mara nyingi asilimia 10, hadi ripoti ya kufunga ikubaliwe. Kwenu hiyo ni dola 9,600 ambazo mtakuwa mmeshazitumia.

Kampuni nyingi hukwama hapa. Mauzo yanaendelea vizuri, lakini fedha za kununulia mzigo zimekwenda kugharamia mradi.

Dawa iko kabla ya kusaini, kwa sababu mfadhili akishatangaza washindi naye anataka mkataba ukamilike. Ombeni awamu ya kwanza iwe asilimia 40. Ombeni ruhusa ya kuripoti mkishatumia asilimia 75 ya fedha iliyopo, badala ya kungoja robo mwaka iishe. Ulizeni kama mchango wenu unaweza kuwa mishahara na vifaa, si fedha taslimu pekee. Mkikubaliwa, anzeni karatasi za kujaza saa za kazi siku ya kwanza, maana zikijazwa miezi sita baadaye mkaguzi atazijua tu. Ulizeni pia ripoti itatumia kiwango gani cha kubadilisha fedha. Mkataba ukiwa wa pauni na mishahara ya shilingi, tofauti hiyo inaweza kumeza mshahara wa mtu mmoja.

Wakikataa yote na akaunti yenu ya benki haina akiba ya miezi miwili, ombeni mradi upunguzwe.

Ripoti yetu imerudishwa, gharama kadhaa zimekataliwa ingawa tulinunua kweli. Kwa nini? (Msomaji, Mwanza)

Kununua kweli hakutoshi. Sababu ya kwanza huwa tarehe: kilichonunuliwa kabla ya mkataba kuanza hakihesabiki, hata kama kinatumika kwenye mradi. Ya pili ni risiti ya mkono pale ambapo muuzaji alipaswa kutoa ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi. Halafu VAT: kampuni iliyosajiliwa ikiweza kuidai TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, haiwezi kumdai mfadhili tena. Manunuzi makubwa huhitaji profoma, yaani makadirio ya bei kabla ya kununua, tatu za wauzaji tofauti, na profoma zilizopatikana baada ya malipo huonekana kwa tarehe zake. Kuhamisha fedha kutoka fungu moja hadi jingine kupita kiwango cha mkataba kunahitaji kibali cha maandishi. Ahadi ya afisa kwenye simu haina uzito siku ya ukaguzi.

Fungueni akaunti ya benki ya mradi peke yake. Hilo tu hupunguza nusu ya maumivu.

Benki inasema mkopo wangu una dhamana ya mfadhili ya asilimia 50. Nikishindwa, nitalipa nusu? (Msomaji, Nakuru)

Hapana. Dhamana hiyo inailinda benki. Wewe unadaiwa mkopo wote, na benki bado inaweza kutaka hati ya kiwanja. Faida yako ni kwamba imekubali kukukopesha. Tumia hoja hiyo kuomba riba ishuke au dhamana yako ipungue.

Tunauza taa na mifumo midogo ya sola. Malipo kwa matokeo yana faida kwetu? (Msomaji, Lodwar)

Yanayo, mkiwa na mtaji wa kuanzia. Mradi wa umeme wa sola wa KOSAP, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia dola milioni 150 mwaka 2017 kwa kaunti 14 za Kenya, Turkana ikiwemo, ulitumia njia hii pamoja na mikopo. Kampuni inaagiza mzigo, inausafirisha na kuufunga kwa fedha zake, kisha inalipwa uuzaji ukithibitishwa.

Uthibitisho ndipo panapouma. Mhakiki anapiga simu kwa sampuli ya wateja, na namba isiyopatikana inaweza kuhesabiwa kama mauzo ambayo hayakufanyika. Chukueni namba mbili, ya mteja na ya jirani, alama ya eneo ya GPS, namba ya kifaa na picha, hapo hapo mnapofunga. Bidhaa iwe imethibitishwa ubora kabla hamjaagiza. VeraSol ndicho cheti kinachotajwa mara nyingi.

USAID ilipofungwa tulipoteza mteja mkubwa. Tujikinge vipi na mwingine? (Msomaji, Dar es Salaam)

Poleni. Amri ya kusimamisha misaada ya Marekani ilitoka 20 Januari 2025, na kufikia 1 Julai shughuli zilizobaki zilikuwa zimehamishiwa wizara ya mambo ya nje. Uingereza nayo ilitangaza Februari mwaka huo kwamba itashusha misaada kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Kwa hiyo someni kifungu cha kusitisha mkataba kabla ya vingine vyote. Kidai notisi, malipo ya gharama zilizokwisha kuingiwa, na zile zisizoweza kufutwa, kama pango la miezi iliyobaki. Wafanyakazi wa mradi wawe na mikataba inayoisha na mradi, nao waelezwe hivyo waziwazi wanapoajiriwa. Ankara ipelekwe kila mwezi. Deni la mwezi mmoja linabebeka. La miezi mitano linafunga ofisi.

Mshauri anataka asilimia 10 ya ruzuku tukishinda. Tumpe? (Msomaji, Kisumu)

Msimpe. Malipo ya namna hiyo kwa kawaida hayaruhusiwi kutoka kwenye ruzuku, hivyo yatatoka mfukoni mwenu. Mlipeni ada ya kazi kwa siku alizofanya, na bajeti iandikwe na mhasibu wenu, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitetea mbele ya mkaguzi. Akija mwingine anayedai ada ya kupokelewa maombi kwa niaba ya mfadhili, msitume hata shilingi.