Lenzi ya bei nafuu au ya kitaalamu? Angalia kwanza unapiga picha kwenye mwanga gani

Piga picha juani kwa f/8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana), kamera ileile, mara moja kwa lenzi ya bei nafuu na mara moja kwa ile ghali. Hata jicho zoefu litabahatisha. Pesa nyingi hulipiwa kile lenzi inachofanya tundu likiwa wazi kabisa.

Chukua zuumu ya 18-55mm f/3.5-5.6 inayouzwa pamoja na kamera (mm huonyesha inavuta karibu kiasi gani). Ukivuta hadi 55mm, tundu linaishia f/5.6. Zuumu ya f/2.8 huingiza mwanga mara 4 ya huo: ukumbini, kwa kasi ileile ya shata, utatumia ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 1600 badala ya 6400, na chembechembe zitapungua sana.

Bajeti ikibana, nunua 50mm f/1.8. Canon EF 50mm f/1.8 STM ina gramu 160. EF 50mm f/1.2L (L ni daraja la kitaalamu la Canon) ina gramu 580, na inaizidi mwanga kwa mara 2 na kidogo tu. Kwa wengi, huo ni mzigo wa bure. Tena hiyo L, pamoja na sifa zake za kuzuia vumbi na unyevu, haizibiki sawasawa mpaka uifunge filta mbele.

Kwa Nikon, kuwa macho. D3500 na D5600 hazina mota ya fokasi ndani, kwa hiyo AF 50mm f/1.8D, isiyo na mota yake, utaizungusha fokasi kwa mkono. Chagua AF-S 50mm f/1.8G, yenye mota yake. Na usiabudu pete nyekundu ya Canon wala ya dhahabu ya Nikon, alama za lenzi zao ghali: lenzi za Sigma za daraja la Art hushindana nazo kwa ukali wa picha.

Kabla ya kulipa, bandika gazeti ukutani lijae fremu. Kamera iwe kwenye tripodi, ISO 100, tundu wazi kabisa, kiimarishaji (kizuia mtikisiko) kimezimwa, taima sekunde 2. Kuza pembe zote nne. Pembe zote zikikosa ukali kwa usawa, ni kawaida ya lenzi nafuu. Funga tundu hadi f/8 uone zinavyopata ukali. Pembe moja tu ikikosa ukali, geuza kamera juu chini upige tena. Ukungu ukihamia upande mwingine wa gazeti, kuna kioo kilichokaa upande ndani ya lenzi: irudishe. Ukibaki palepale kwenye gazeti, ni gazeti lenyewe halijanyooka.