Nondo wachache mtegoni: kosa ni la taa?

SWALI: Tangu majani yaanze kupukutika, mtego wangu wa taa bustanini unanasa nondo (wadudu kama vipepeo warukao usiku) watatu au wanne tu kwa usiku. Je, taa imechoka?

JIBU: Huenda taa ni nzima, usiku ndio mbaya. Anga likiwa halina mawingu, joto hushuka haraka na nondo wengi hawaruki. Mwezi mpevu nao huififisha taa. Chagua usiku wa mawingu usio na upepo, wenye nyuzi 10 au zaidi, na uwashe kabla giza halijaingia. Taa iwe ya urujuanimno (mwanga usioonekana na macho yetu); balbu ya njano huvuta wachache mno.

Chini ya faneli ya mtego, ambamo nondo hutumbukia, simamisha trei za mayai za karatasi: nondo hujibanza kwenye vishimo vyake na kutulia. Zikilowa umande zibadilishe, la sivyo mabawa yatanata.

Kagua alfajiri, kabla ndege hawajawala. Geuza trei taratibu, maana nyigu nao huingia (na hawapendi kuguswa). Tazama pia ukuta ulio karibu na taa. Andika tarehe, aina ya taa, joto la chini kabisa, spishi na idadi. Usiku usionasa kitu uandikwe vilevile: sifuri nayo ni rekodi. Kisha waachie nondo kwenye kichaka kizito.