Msaidizi wa sauti wa huduma za jiji: anzeni na simu za wananchi, modeli baadaye

Mkuu, umesema timu yenu ya watu wanne imepewa miezi mitatu kutengeneza msaidizi wa sauti wa akili mnemba, apokee simu za wakazi wa Dar kuhusu taka, mitaro, maji na barabara, na mnauliza muanze na modeli ipi. Kazi kama hiyo nimeifanya mwaka na nusu kwa taasisi moja ya hapa mjini, sitaitaja, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Msianze na modeli. Sisi tulianza nayo tukapoteza miezi miwili. Tulichukua Whisper ya OpenAI, modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi, ile iliyotoka 2022, tukaijaribu kwa sauti zetu wenyewe ofisini, ikaandika vizuri. Siku tuliyoiunganisha na laini ya simu ikawa habari nyingine. Simu ya kawaida hubeba sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, modeli imezoea 16,000. Hapo bado hujaweka bajaji, jenereta na mtu anayepiga akiwa ndani ya daladala. Tena mpigaji akinyamaza, Whisper huweza kuandika maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Tulikuta lalamiko zima limeingia kwenye mfumo. Kusikiliza rekodi, kuna feni tu.

Na msipime kwa asilimia ya maneno yaliyokosewa peke yake. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinadanganya. "Gari halijapita" na "gari limepita" zinatofautiana kwa neno moja tu, lakini moja ni lalamiko na nyingine ni taarifa njema. Tuliwahi kufunga malalamiko ya mtaa mzima kwa sababu ya "halija-" iliyomezwa na kelele. Baada ya hapo tulitenga sentensi za kukanusha, tukazipima peke yake kila tulipobadilisha kitu.

Kilichotutoa jasho kuliko vyote ni mahali. Vibao vya anwani za makazi vipo tangu 2022, lakini mtu akipiga simu hataji namba ya nyumba. Anasema: "Unaijua sheli ile ukitoka kituoni? Ipite, kuna msikiti, sisi tuko nyuma yake, hapo chemba imefumuka." Mwingine anasema yuko Mbezi. Mbezi ipi? Mbezi Beach iko Kinondoni, Mbezi ya Kimara iko Ubungo. Ukikosea, umeipelekea manispaa nyingine tatizo lisilo lake. Kuna mama alisema yuko Tabata Dampo na bomba limepasuka mbele ya nyumba yake. Mfumo ukasikia "dampo", ukampeleka kitengo cha taka. Maji yakamwagika siku mbili nzima, na yeye alikuwa ametoa taarifa dakika ile ile. Hilo liliniuma sana.

Dawa yake haikutoka kwenye kompyuta. Tulikaa na wenyeviti wa mitaa na bodaboda wa vijiwe kadhaa, tukaandika majina ya mahali kama watu wanavyoyatamka: kwa fulani, penye mwembe, mwisho wa lami, kituo cha zamani. Kila jina tukalifunga na mtaa, kata na manispaa yake. Jina likiwa la mahali pawili tofauti, msaidizi anauliza swali moja fupi: "Mbezi ya Beach au ya Kimara?" Bodaboda walitusaidia kuliko ramani yoyote tuliyokuwa nayo. Walipeni, hiyo ni kazi.

Halafu saa. Ratiba kwenye kanzidata imeandikwa 08:00, injini ya kusoma maandishi kwa sauti ikatamka "saa nane". Mkazi mmoja wa Manzese akatoa viroba vyake saa nane mchana, gari lilishapita saa mbili asubuhi. Geuzeni saa kabla haijafika kwenye sauti, na kila mara itamkwe na asubuhi, mchana, jioni au usiku. Angalieni pia mtu anayesema "Jumatatu saa saba usiku". Kwa kalenda ya kompyuta hiyo tayari ni Jumanne. Namba ya lalamiko isomwe tarakimu nne nne, watu wameshazoea hivyo kwa tokeni ya umeme ya LUKU yenye tarakimu 20, kisha itumwe kwa ujumbe mfupi.

Mpeni mtu nafasi ya kusalimia. Sisi tuliweka mfumo uache kusikiliza na ujibu baada ya ukimya wa sekunde moja. Bibi mmoja alisema, "Haloo, habari za saa hizi mwanangu," akatulia asubiri kuitikiwa, mfumo ukamjibu, "Samahani, sijaelewa tatizo lako." Akarudia salamu, akajibiwa vile vile, akakata. Rekodi ile niliisikiliza mara nyingi. Sasa msaidizi anaitikia salamu, anajitambulisha kuwa ni mashine, halafu anasubiri. Shikamoo hatukumpa, kwa sababu hajui anayeongea naye ana umri gani. Wapo pia wasio na salio, watabipu; mfumo uwapigie.

Kurekodi sauti za watu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, kwa hiyo mpigaji aambiwe mwanzoni kwamba anarekodiwa na kwa nini. Rekodi za zamani za kituo cha simu ndizo dhahabu yenu, lakini ombeni ruhusa ya taasisi kwa maandishi na ondoeni majina na namba kabla ya kuzitumia.

Na mwambieni mteja wenu mapema kwamba wahudumu hawaondoki. Mpigaji akisema "nataka kuongea na mtu", au msaidizi akishindwa kumwelewa mara mbili, apelekwe kwa mhudumu, na mhudumu aone kilichokwisha kusemwa ili mtu asianze upya.

Kuhusu miezi mitatu: kwa malalamiko ya taka peke yake, kwenye kata mbili tatu, inawezekana. Kwa huduma zote nne na mkoa mzima, ombeni mwaka, na mwezi wa kwanza msiandike programu yoyote. Kaeni na wahudumu, vaeni spika za masikioni, msikilize simu zinavyoingia.