Maswali na Majibu: Vikombe Vilivyobaki Kabatini

Barua za mwezi huu zinauliza karibu jambo moja kwa sura mbalimbali: raha iko wapi, wakati kazi haiishi, nyumba haijakamilika, na mazungumzo ya mume na mke yamebaki kuwa ya ada ya shule na umeme uliokatika? Nyingine nimezijibu kwa mstari mmoja kwa sababu hazihitaji zaidi. Nyingine zimenigusa, nami nimezipa nafasi.

Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tunajenga Chanika, na huu ni mwaka wa 6. Boma limesimama, bado kupaua. Mume wangu amekataza matumizi yote yasiyo ya lazima, hata siku ya kuzaliwa ya mtoto wetu ilipita bila soda. Anasema raha tutaipata tukishahamia. Je, ninakosea kuona kwamba tumejinyima kupita kiasi?

Marahaba, mwanangu. Hukosei. Wala simlaumu mumeo kwa kutaka kujenga, kwa maana anayedaiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo anajua kwa nini watu hujibana ili waondokane na mwenye nyumba. Ninachopinga ni hiyo ahadi yake. Ukishapaua utataka lipu, ukipiga lipu utataka madirisha na grili, baada ya hapo vigae, kisha uzio, kisha geti, kisha utasikia jirani amechimba kisima. Ujenzi hauna siku ambayo fundi atakukabidhi ufunguo na kukwambia kwamba sasa unaruhusiwa kufurahi.

Mama yangu mzazi alikuwa na vikombe 12 vyeupe vyenye maua ya waridi, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti, ndani ya kabati la kioo ambalo ufunguo wake aliufunga kwenye ncha ya kanga. Vilikuwa vya wageni. Sisi tulikunywa chai kwenye vikombe vya bati vilivyobanduka rangi, na yeye pia, miaka yote. Alikuwa akisema kwamba atavitumia mambo yakitulia. Siku ya matanga yake wanawake waliokuja kusaidia waliuliza vyombo, nikafungua kabati, na nikasimama pale nikiwatazama wakiviosha kwa mara ya kwanza. Kimoja bado kilikuwa na karatasi ya bei chini yake. Tangu siku hiyo sijaficha kikombe chochote, na tangu siku hiyo suala hili ninalirudia hapa kila ninapopata nafasi.

Basi fanyeni hivi. Tengeni fungu dogo la kila mwezi ambalo saruji hailigusi, hata likiwa la soda na maandazi tu. Jumapili moja nendeni wote Chanika, si kwa ajili ya kuhesabu matofali bali kukaa. Chukueni chai kwenye chupa na vitumbua, mtandike mkeka mahali patakapokuwa sebule, na mtoto achague chumba chake. Ndani ya boma lisilopauliwa atalala chali na kuona mawingu kutoka chumbani kwake, jambo ambalo mkishaweka bati hatalipata tena.

Nina neno moja ambalo hukuniuliza. Hakikisha hati au mkataba wa mauziano wa kiwanja hicho una majina yenu wawili. Mnajinyima wawili, na karatasi ionyeshe hivyo.

Nimnunulie mke wangu zawadi gani ndogo itakayomfurahisha?

Hili ni swali la nne la aina hii mwaka huu, na wote wanne hamkuandika hata neno moja kuhusu wake zenu: umri, kazi, anachopenda, anachochukia. Mimi simjui mke wako, wewe ndiye unayemjua, au ulipaswa kumjua. Msikilize kwa wiki moja na atakuambia mwenyewe bila kuulizwa. Ukiamua kumnunulia doti ya kanga, usitazame pindo na mji peke yake, bali soma jina lililoandikwa, kwa sababu kanga yenye fumbo la kumsema mtu, ikitolewa na mume, inaweza kulaza nyumba nzima na njaa.

Mume wangu akirudi kazini hushika simu mpaka anapolala. Nikimsemesha huitikia kwa mguno. Nifanyeje?

Barua yako iliandikwa kwa simu, saa 4 usiku, na umesema mwenyewe kwamba alikuwa amelala kando yako. Ninalitaja hili kwa upendo, dada yangu, kwa kuwa kila anayeniandikia juu ya simu huandika juu ya simu ya mwenzake.

Nitakupa dawa niliyoiona ikifanya kazi katika nyumba zaidi ya moja. Pakueni chakula cha usiku kwenye sinia moja, mle kwa mkono. Mkono wenye mchuzi haushiki simu. Simu zote mbili zikae kwenye chaji chumba kingine hadi maji ya kunawa yarudi. Mkila sinia moja mtalazimika kutazamana, mmoja atamsogezea mwenzake mnofu, mwingine atasema pilipili imezidi, na hayo ndiyo mazungumzo. Msianze kwa kujadili matatizo. Mkianzia kwenye ada na madeni, kesho yake atatafuta sababu ya kula peke yake.

Ninauza kaunta katika duka la jumla Kariakoo. Ninaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, siku 6 kwa wiki, na chakula cha mchana ninakula nimesimama nyuma ya kaunta. Nimesoma kwamba mtu anaweza kuipenda kazi yake akitafuta furaha katika mambo madogo. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kukaa chini na kula.

Ninakujibu hivyo kwa uzito wote. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na kwamba mtu anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Wewe upo dukani saa 66 kwa wiki. Zinazozidi ni saa za ziada, ambazo zina kikomo chake na hulipwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Vilevile unastahili likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ninaona maandishi mengi siku hizi yanayomfundisha mfanyakazi kuvuta pumzi na kutabasamu mahali ambapo angefundishwa kuhesabu saa zake, na mafundisho hayo yananiudhi sana. Aliyechoka hadi miguu imevimba hawezi kuona jambo dogo wala kubwa. Zungumza na mwajiri wako kwa adabu, ikiwezekana pamoja na wenzako, na mwanzie kwenye hizo dakika 60 za mapumziko ya mchana.

Ukizipata, usizimalize kwa kutazama simu. Toka dukani, kaa kwenye benchi la mama ntilie, kula wali wako polepole, uliza habari za aliyekaa kando yako.

Na kuhusu kazi yenyewe, nitakueleza nilichokiona kwa fundi cherehani wangu, ambaye ana mashine ya miguu kwenye kibaraza cha duka la mtu mwingine. Akimaliza pindo, kabla ya kukata uzi hupitisha kidole gumba juu ya mshono wote, taratibu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha hunyamaza kidogo. Nguo inaweza kuwa sare ya shule ya bei ndogo kabisa, naye bado hupitisha kidole. Nilimuuliza kama anatafuta kasoro. Aliniambia kasoro angeshaiona kwa macho, ila anapenda kuusikia mshono ulionyooka. Kwako wewe inaweza kuwa vitenge vilivyopangwa kwa rangi, au hesabu ya jioni iliyolingana na fedha iliyo kwenye droo. Kila kazi ina mahali pake pa kupitisha kidole, lakini mahali hapo huonwa na mtu aliyepumzika.

Mimi ni mama wa nyumbani mwenye watoto 4. Mume wangu huwaambia ndugu zake kwamba "ninashinda nyumbani tu". Wewe hutuambia tufurahie kupika na kufua. Nifurahie nini hasa?

Sijawahi kumwambia mwanamke afurahie kazi isiyoonwa, na kama maneno yangu yalisikika hivyo, niwie radhi.

Mwambie mumeo kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sikupi habari hii ili ukaidai talaka. Ninakupa kwa sababu mahakama ya juu kabisa ya nchi iliangalia ufuaji, upishi na ulezi ikaviita kazi, na mumeo hana sababu ya kuona kidogo kuliko ilivyoona mahakama.

Furaha ya jikoni ipo, na wewe unaijua. Ni ule wakati ambapo tui linaanza kuchemka nyumba nzima inabadilika harufu, na mtoto anaacha mchezo nje akiuliza kinapikwa nini. Ila furaha hiyo hunyauka pasipo mtu wa kusema asante. Watoto wako 4 wafundishwe, kuanzia leo, kwamba hakuna anayenyanyuka kwenye mkeka kabla ya kumshukuru aliyepika, na sahani yake aibebe mwenyewe hadi mahali pa kuoshea. Baba yao atawasikia jioni baada ya jioni. Asipojifunza kwa kuwasikia, mwambie waziwazi, mkiwa wawili tu, kwamba neno lile alilolisema mbele ya ndugu zake lilikuumiza.

Je, mtu anaweza kuwa na furaha bila fedha?

Mwenye njaa apewe chakula kwanza, na swali hili asiulizwe kabla hajashiba.

Mume wangu hunipiga akilewa, lakini asiponywa ni mwema sana, hunichekesha na kunisaidia kazi. Je, niyashike hayo mazuri madogo nivumilie mengine?

Hapana, mwanangu. Siku tulivu inayofuata kipigo ni mapumziko kati ya vipigo viwili, na unaitumia kuugulia. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, na hakikuweka msamaha kwa mlevi. Nenda kituo cha polisi, uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Kabla ya hapo mwambie mtu mmoja unayemwamini, usiku akirudi amelewa uwe na mlango wa kukimbilia. Yote ninayoyaandika katika safu hii kuhusu raha ndogondogo yanawahusu watu walio salama, na wewe bado hujawa salama.

Tunafunga ndoa Desemba. Kamati imekusanya michango vizuri na bajeti ni kubwa. Tufanye nini ili siku hiyo isisahaulike?

Mmeniuliza kuhusu siku moja. Baada ya harusi kamati itavunjwa, ukumbi utapewa wengine, na nyinyi wawili mtaamka mkitazamana katika chumba kilichojaa maboksi ya vyombo. Ombeni kamati ipunguze pambo moja tu la ukumbini, fedha yake iwape siku 7 za kukaa pamoja bila wageni, mjue mwenzako hunywa chai ya rangi au ya maziwa, na akiamka hupenda kusemeshwa au kuachwa. Maboksi yenyewe yafungueni. Msiweke seti ya wageni.

Mume wangu amestaafu akiwa na miaka 60, na sasa anashinda nyumbani. Ananifuata jikoni, anauliza kwa nini natia chumvi mapema, anafungua kila sufuria. Namwambia aende barazani akacheze bao, hataki. Nimechoka naye na ninajisikia vibaya kusema hivyo. Nifanyeje?

Usijisikie vibaya, bibie. Mliishi zaidi ya miaka 30 mkionana asubuhi na usiku, na sasa mmewekwa pamoja mchana kutwa kama watu waliooana jana. Yeye naye amepotelewa. Ofisini alikuwa na meza, mhuri na watu wa kumwamkia, na hapo nyumbani hata kijiko hajui kinakaa wapi. Anafungua sufuria kwa kuwa anatafuta mahali pake.

Yalinikuta mimi pia. Mume wangu alipostaafu, wiki ya tatu nilikuwa tayari kumnunulia ubao wa bao kwa fedha yangu ili aondoke mlangoni mwa jiko. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele, naye akasimama juu yangu akininyima mwanga. Nikamsogezea ungo bila kusema neno. Akakaa. Mikono yake haikuwa imezoea, alikuwa akichukua punje mojamoja kama anayehesabu noti, na kila alipopata jiwe alilitupa kwenye mfuniko wa sufuria likalia. Tulikaa hivyo kwa muda mrefu, vichwa vyetu vimekaribiana juu ya ungo mmoja. Katikati ya ukimya huo akaanza kunieleza kituo chake cha kwanza cha kazi, chumba alichopanga, mwenye nyumba aliyekuwa akimwachia uji mlangoni alipougua malaria. Nilikuwa mke wake kwa miaka 34 na habari ile ya uji sikuwahi kuisikia.

Chakula cha mchana kilichelewa siku hiyo, na mawe mawili matatu yalibaki kwenye wali. Kesho asubuhi mpe ungo, umpishe upande wa mkeka wenye mwanga, na usimharakishe.