Chai ya Noeli ninaiweka mpaka Juni

Kila Desemba yaya wangu, ndugu yangu mkubwa aliyeko Bruxelles, hututumia kifurushi, na ndani yake hakukosi boksi la chai ya Noeli. Juu yake wamechora theluji, mshumaa na vijiti vya mdalasini vilivyofungwa utepe mwekundu. Kule kwao saa kumi na moja jioni giza limeshaingia, watu wanakimbilia ndani, na chai ya namna hiyo ina kazi yake. Likitufikia sisi hapa Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, mvua inapiga mabati, joto limejaa nyumbani, na kila mtu anatafuta kitu cha baridi cha kunywa. Miaka ya mwanzo tuliipika hapo hapo, kwa heshima ya aliyetuma. Hakuna aliyeomba kikombe cha pili.

Siku hizi ninaiweka kabatini. Baridi yetu Lubumbashi ni ya Juni na Julai. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi hiyo mbingu haina wingu hata moja, kwa hiyo joto la mchana likipanda usiku halina kizuizi. Alfajiri kipimo hushuka chini ya digrii 10. Watoto huenda shule na kofia za sufu, na mama wauza mikate hujifunga blanketi juu ya kitenge. Huo ndio wakati wa chai yenye viungo, na huo ndio wakati wa shughuli zetu pia: sikukuu ya uhuru wa Kongo tarehe 30 Juni, likizo ya wanafunzi, ndoa za Julai na Agosti, na vilio vya misiba, ambako watu hulala nje wakizunguka moto na chai hupikwa kwa sufuria kubwa usiku kucha. Nimepika chai katika shughuli hizo zote. Haya ninayoandika nimeyajifunza humo.

Nianze na boksi, maana wengi mnaletewa na ndugu kama mimi, au mnalinunua mjini. Usiangalie picha. Ligeuze usome orodha ya vitu vilivyomo, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Kwa bidhaa za Ulaya kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi kwa uzito, na cha mwisho ndicho kidogo. Ukikuta mdalasini, tangawizi na iliki mwanzoni, umepata chai ya viungo. Ukikuta tofaa, hibiskusi, kisha neno aroma, halafu mdalasini mwishoni kabisa, umeshika maji ya matunda yaliyotiwa harufu ya sikukuu. Si vibaya, watoto wanayapenda, lakini usiyategemee kukuondolea baridi ya saa kumi na moja alfajiri.

Hiyo hibiskusi ninaijua vizuri. Ni ua jekundu chachu, jamaa ya ngaingai tunayopika majani yake. Mwaka mmoja tulipokea wageni wa mahari, wazee wa upande wa mume, asubuhi ya Julai yenye upepo mkali. Nilitaka kuwapa kitu cha pekee, nikafungua boksi la yaya, nikapika birika zima, nikatia maziwa. Yalikatika mbele ya macho yangu: vipande vyeupe vikaelea juu ya maji ya waridi. Ilibidi nimwage yote na kuanza upya huku wazee wanangoja. Uchachu wa lile ua ndio uliokatisha maziwa. Tangu siku hiyo, chai yoyote yenye hibiskusi au ganda la limau naipa asali, maziwa siyasogezi karibu.

Kitu kingine cha kutafuta kwenye orodha ni réglisse, mzizi mtamu unaotiwa katika chai nyingi za majira ya baridi kwa sababu unaleta utamu bila sukari. Mzizi huo ukinywewa mara kwa mara unapandisha tansio, yaani presha ya damu. Mama yangu anameza dawa za tansio kila siku, kwa hiyo chai yenye réglisse haiingii katika kikombe chake, hata kama ni zawadi na hata kama inanukia vipi. Kama una mzee nyumbani, tafadhali soma neno hilo kabla ya kumwaga maji ya moto.

Lakini niseme ukweli wangu: boksi bora kuliko yote bado halifikii chai unayoichanganya mwenyewe kwa viungo vizima kutoka sokoni. Unga wa viungo unapoteza harufu upesi, na ukishasagwa hujui kilichosagwa pamoja nacho. Kiungo kizima kinajieleza chenyewe, ukijua namna ya kukiuliza.

Karafuu, kwa mfano. Nina mama mmoja ninayenunua kwake katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, amepanga viungo vyake katika vikopo vya maziwa vilivyokatwa. Mara ya kwanza nilipomwendea nilichukua zile za bei ndogo. Akanishika mkono. "Mama, ngoja kwanza." Akamimina maji katika kifuniko, akadondosha punje moja kutoka kila kopo. Ile ya bei ndogo ililala ubavu juu ya maji kama kijiti kikavu. Ile nyingine ilisimama wima, kichwa juu, kisha ikazama polepole. "Hii ya kulala wameshaikamua mafuta," akasema. Halafu akaniambia niibonyeze ile nzuri kwa ukucha chini ya kichwa, na kweli, unyevu wa mafuta ukatoka, na kidole changu kilinukia mpaka nilipofika nyumbani. Tangu hapo sinunui karafuu pasipo maji.

Iliki ninaifungua. Ganda liwe la kijani, na mbegu za ndani ziwe nyeusi, zenye kunata kidogo. Ganda likipauka kama majani makavu na mbegu zikawa za kahawia na vumbi, imekaa mno, utaweka kumi na hutasikia kitu.

Mdalasini una aina mbili, na tofauti yake si ya bei tu. Ule unaojaa masokoni kwetu ni gome nene, gumu, linalojikunja mara moja na kuvunjika kwa kishindo. Ule wa Sri Lanka ni mwembamba, tabaka juu ya tabaka kama sigara, unavunjika kwa vidole viwili na utamu wake ni mpole. Ule mnene una kumarini nyingi zaidi, kitu ambacho kikizidi kila siku kinasumbua ini. Kijiti kimoja katika birika la familia si cha kuogopa. Anayetia vijiko vya unga wake katika kila kikombe, asubuhi na jioni, ndiye ninayemwomba apunguze.

Tangawizi ya baridi ninaipenda ikiwa kavu. Ile mbichi inachangamsha mdomo, ila tangawizi ikikauka ukali wake unabadilika na kuongezeka, na joto lake linashuka mpaka kifuani. Ninainunua mbichi mwezi wa tano, naikata vipande vyembamba, naianika juani. Kwa hewa kavu ya hapa, siku chache tu inagonga kama kokoto. Ukitumia mbichi, ichemshe kwanza katika maji peke yake, kwani ina nguvu ya kugandisha maziwa, na nguvu hiyo hufa kwenye moto.

Na usitupe maganda ya machungwa. Kipindi cha baridi ndicho machungwa yanapojaa sokoni. Ninaliosha tunda kwa maji ya moto na kulisugua, maana yale yanayotoka mbali hupakwa nta, kisha ninamenya ganda jembamba bila ule weupe wa ndani ulio mchungu, ninaanika. Ganda la chungwa, karafuu na mdalasini: hiyo ndiyo harufu yote ya yale maboksi ya Noeli, na umeitengeneza kwa vitu vya sokoni.

Kipimo changu kwa lita moja ya maji: kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole, iliki tano zilizopondwa, karafuu tatu, vipande vitano vya tangawizi kavu, na ganda la chungwa kidogo. Karafuu usizidishe tatu. Ya nne inafunika wenzake wote na chai inaanza kunukia kama dawa ya meno. Viungo vichemke dakika kumi na zaidi kabla ya majani. Hapa juu maji huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100, ndiyo maana mapishi tunayoyasoma kutoka pwani yanatoka mepesi kwetu. Kisha tia vijiko viwili vya majani meusi, yale ya punje, dakika tatu au nne, chuja. Ukitaka maziwa, ganda la chungwa liache, na maziwa ya unga yakoroge kwanza katika maji ya vuguvugu.

Kwa watoto na kwa jioni, mimi huacha majani meusi na kutumia rooibos, majani ya kichaka kingine kisicho mchai. Inalimwa milima ya Cederberg, Afrika Kusini, na madukani kwetu inapatikana pamoja na bidhaa nyingine za huko. Haina kafeini, na hata ukiichemsha nusu saa pamoja na viungo haiwi chungu. Rangi yake nyekundu inafanana na udongo wetu. Chai ya kijani naiacha pembeni katika kazi hii, maana haivumilii kuchemshwa.

Kuhusu utamu, tumia asali ya miombo ukiipata, ile nyeusi yenye ladha ya moshi. Itie chai ikiwa kikombeni. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja usimpe asali, hata tone.

Sasa mbabula, jiko letu la makala, yaani makaa. Chai hii inapikwa vizuri zaidi juu ya makala, moto wa polepole, watu wameuzunguka. Ila kila kipindi cha baridi kuna nyumba ambako watu waliingiza mbabula chumbani ili walale na joto, wakafunga mlango na dirisha. Makala yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala hashtuki. Pika nje, au mlango ukiwa wazi kabisa. Ukimaliza, mbabula ibaki nje, ingia na birika. Nawaomba sana hilo, kuliko yote niliyoandika hapa.

Nyumbani kwetu mama huamka kabla ya wote. Mwezi wa sita namkuta uani, amekaa kwenye kiti kifupi, mikono imezunguka kikombe, mvuke unampiga usoni, na pembeni kuna sahani ya vitumbula. Hanywi kwanza. Ananusa. Akisema "leo umeweka iliki mpya," ninajua nimenunua vizuri.

Boksi la mwaka huu limefika wiki iliyopita. Nimelisoma nyuma: mdalasini wa kwanza, tangawizi ya pili, réglisse hakuna. Nimeliweka rafu ya juu, mbali na jua na vumbi, na juu ya ile picha ya theluji nimeandika kwa kalamu: Juni.